SOMO: Kushirikiana Bila Kufunua Daftari la Wanachama

Katika kasha la kila chama cha msingi mna vitabu ambavyo thamani yake haionekani kwenye mizania. Daftari la wanachama laonyesha nani ana ekari ngapi na miti mingapi. Leja ya pembejeo yaonyesha nani amekopa nini. Stakabadhi za mizani zaonyesha nani ameleta kilo ngapi na tarehe gani. Mkulima alitoa habari hizo kwa sababu moja, nayo ni kulipwa haki yake. Hakuzitoa ili zisomwe na mlanguzi.

Mlanguzi naye anazitamani. Butura katika Mkoa wa Kagera, yaani kununua kahawa ingali mtini kwa bei ya shida, na kangomba katika mikoa ya kusini inayolima korosho, ni biashara zinazoishi kwa habari. Anayejua ni mkulima gani ana deni, na ni yupi anadaiwa ada ya shule mwezi Januari, anajua pia mlango wa kubisha hodi. Kwa hiyo siri ya leja si jambo la heshima tu. Ni sehemu ya bei ya mazao.

Siku hizi vyama vingi vimehamishia vitabu vyao katika kompyuta na simu, na pamoja na hayo huweza kuja ombi la namna mpya: vyama vishirikiane kuifundisha kompyuta kukadiria mavuno, au kutambua mkopo utakaochelewa kurejeshwa, na kila chama kibaki na vitabu vyake nyumbani. Ombi la namna hiyo lina faida ya kweli. Lakini maneno “vitabu vinabaki nyumbani” yasichukuliwe kuwa ndiyo ulinzi wote. Somo hili laeleza kwa nini hayatoshi, na ni nini kinachopaswa kuongezwa.

Mashine hujifunza nini

Mashine haifundishwi kwa maelezo bali kwa mifano mingi. Wakulima wa mihogo wa Afrika Mashariki wameijua programu ya simu iitwayo Nuru, ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, ambayo huangalia jani na kusema kama lina batobato au michirizi ya kahawia. Iliweza hivyo kwa sababu ilionyeshwa picha nyingi za majani yaliyokwisha kutambuliwa na wataalamu. Kilichobaki ndani yake baada ya mafunzo si picha, bali ni fungu kubwa la namba zilizorekebishwa kidogo kidogo hadi majibu yakawa sawa. Fungu hilo la namba huitwa modeli.

Jani la muhogo halina siri. Leja ya mikopo inayo. Hapo ndipo ilipotokea njia iliyoelezwa mwaka 2016 na Brendan McMahan na wenzake wa kampuni ya Google, na ambayo mwaka 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuwa inaijaribu katika kibodi ya simu. Badala ya kuzikusanya habari za watu wote mahali pamoja, modeli ndiyo inayosafiri. Kompyuta ya kati hupeleka modeli kwa kila mshiriki. Kila mshiriki huifundisha kwa habari zake mwenyewe, kisha hurudisha marekebisho ya zile namba tu. Kompyuta ya kati hupiga wastani wa marekebisho yote, hutengeneza modeli mpya, na kuituma tena. Duru hizo hurudiwa mara nyingi.

Kwamba njia hiyo yafanya kazi halina shaka tena. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya taasisi 20 za tiba kutoka mabara mbalimbali, zilizoshirikiana kutabiri mgonjwa wa UVIKO-19 atahitaji oksijeni kiasi gani. Hakuna picha ya mapafu iliyotoka hospitalini mwake, na hata hivyo modeli ya pamoja ilizipita zile ambazo kila taasisi iliifundisha peke yake. Kwa kipimo walichokitumia iliboreka kwa wastani wa asilimia 16.

Kufuta majina hakutoshi

Kabla ya kufika kwenye hatari yenyewe, yafaa kuondoa dhana moja inayopendwa sana maofisini, kwamba habari ikifutwa jina imekuwa salama. Katika jimbo la Massachusetts huko Marekani zilitolewa kumbukumbu za matibabu za watumishi wa serikali bila majina. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha MIT, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, akalinganisha. Watu sita tu mjini walikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya gavana William Weld. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu aliishi katika eneo lake la posta. Kumbukumbu za matibabu za gavana zikawa zimejulikana.

Kijijini jambo hili ni jepesi zaidi kuliko Cambridge. Mjane pekee mwenye ekari kumi na mbili katika kitongoji hahitaji kuandikwa jina.

Marekebisho nayo yasema

Sasa, je, zile namba za marekebisho zinazotoka chamani zina siri ndani yake? Ndiyo. Marekebisho hutokana na habari zilizotumika kuifundisha modeli, na mjuzi aweza kurudi nyuma kutoka kwenye marekebisho hadi kwenye habari. Mwaka 2019 Ligeng Zhu, Zhijian Liu na Song Han wa MIT walionyesha kwamba, kwa kuyatazama marekebisho peke yake, waliweza kuzijenga upya picha na maneno yaliyotumika katika mafunzo. Hatari huwa kubwa pale marekebisho yanapotokana na mifano michache. Yaani, chama kidogo kina hatari zaidi kuliko kikubwa. Miaka miwili kabla yake, Reza Shokri na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba hata modeli iliyokamilika yaweza kuulizwa kwa ujanja hadi ikaonyesha kama habari za mtu fulani zilikuwamo katika mafunzo. Kwa modeli ya wadaiwa sugu, kujulikana kwamba mtu alikuwamo ni kujulikana siri yenyewe.

Kwa hiyo yapasa kompyuta ya kati isiyaone marekebisho ya chama kimoja kimoja. Ione jumla tu.

Namna ya kujumlisha usichokiona

Jambo hili hudhaniwa kuwa ni mazingaombwe, kumbe ni hesabu ya kutoa na kujumlisha. Tuchukue vyama vitatu, A, B na C, vyenye wanachama 14, 9 na 22 waliochelewa kurejesha mkopo wa pembejeo. Union yataka jumla, na hakuna chama kinachotaka kutaja idadi yake.

Kila jozi ya vyama hukubaliana namba ya siri. A na B huchagua 37. A ataiongeza na B ataitoa. A na C huchagua 58. A ataiongeza na C ataitoa. B na C huchagua 21. B ataiongeza na C ataitoa. Basi A hupeleka 14 na 37 na 58, yaani 109. B hupeleka 9 kutoa 37 kuongeza 21, yaani 7 chini ya sifuri. C hupeleka 22 kutoa 58 kutoa 21, yaani 57 chini ya sifuri. Union hujumlisha: 109 kutoa 7 kutoa 57 ni 45. Nayo 14 na 9 na 22 ni 45. Kila namba ya siri imeongezwa mara moja na kutolewa mara moja, ikajifuta yenyewe. (Katika kompyuta namba hizo ni kubwa mno na huzunguka kama mshale wa saa, ili hata ukubwa wake usiseme chochote.) Vyama viwili vyaweza kuikubali namba ya siri hata kama ujumbe wao wapitia kwa Union yenyewe, kwa njia waliyoitangaza Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976.

Lakini katibu aliyewahi kungoja taarifa za mwezi atauliza mara moja: je, mtandao ukikatika? Tuseme A na B wamekwisha kupeleka, na C hapatikani. Union ina 109 kutoa 7, yaani 102, namba isiyo na maana, kwa kuwa zile siri za 58 na 21 hazikufutwa. Njia iliyotangazwa mwaka 2017 na Keith Bonawitz na wenzake hulitatua tatizo hilo kwa ugunduzi wa Adi Shamir wa mwaka 1979. Siri ya kila chama hukatwa vipande na kugawiwa kwa vyama vingine, kwa kanuni kwamba vipande vya kiwango kilichowekwa, kwa mfano vitatu kati ya vitano, huijenga upya, ilhali viwili havisemi chochote kabisa. Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wataukumbuka mfano wa sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Tofauti ni kwamba sanduku la kufuli tatu halifunguki mshika ufunguo mmoja akisafiri, na hili la Shamir huruhusu wachache wawe safarini.

Hapo pana mtego mmoja ambao makatibu wanapaswa kuujua. Union ikishapewa 58 na 21 ili kurekebisha hesabu, kisha ujumbe wa C uliochelewa ukafika, Union itaongeza 79 kwenye ile 57 iliyo chini ya sifuri, na itaiona 22 ya C waziwazi. Kwa sababu hiyo njia ya mwaka 2017 huweka kifuniko cha pili juu ya kila namba, na sharti kwamba kwa chama kimoja kisifunuliwe kamwe vyote viwili. Mtu anayeuza mfumo wa kompyuta kwa vyama na asiyeweza kueleza kifuniko cha pili, hajaisoma kazi anayoiuza.

Pale jumla yenyewe inapofichua

Union imepata 45. Wiki inayofuata C amejitoa, na jumla ni 23. Hakuna haja ya kuvunja siri yoyote, kutoa kunatosha. Vivyo hivyo A na B wakikaa pamoja jioni na kuambiana namba zao, ya C imejulikana. Ushirikiano wa vyama vitatu ni mdogo mno kwa kazi hii, na kila mkataba unapaswa kutaja idadi ya chini ya washiriki ambayo chini yake duru haifanyiki.

Dawa ya tatizo hili ni kuchanganya bahati nasibu kidogo katika jibu. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1965 Stanley Warner alieleza namna ya kuwauliza watu jambo la aibu bila kumjua aliyekiri. Kwa sura yake nyepesi, tuseme wanachama 200 waulizwa kama msimu huu waliuza nje ya chama. Kila mmoja hurusha sarafu peke yake. Ukitokea upande wa kiongozi, hujibu kweli. Ukitokea upande wa mnyama, hurusha tena na kujibu kwa sarafu tu: kiongozi ni “ndiyo”, mnyama ni “hapana”. Tuseme zimekuja “ndiyo” 74. Wapata 100 walijibu kwa sarafu, na wapata 50 kati yao walisema “ndiyo” kwa bahati. Zinabaki 24 kati ya 100 waliosema kweli. Basi kama asilimia 24 waliuza nje. Hata hivyo hakuna anayeweza kumnyooshea mtu kidole, maana kila “ndiyo” yaweza kuwa ya sarafu.

Mwaka 2006 Cynthia Dwork, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith waliligeuza wazo la namna hii kuwa kipimo kamili: jibu linalotolewa lisibadilike kwa kiasi cha kuonekana, mtu mmoja awemo au asiwemo. Idara ya sensa ya Marekani ilikitumia kipimo hicho katika kutoa matokeo ya sensa ya mwaka 2020. Katika mafunzo ya pamoja, marekebisho ya kila mshiriki hupunguzwa kwanza yasizidi ukubwa uliowekwa, kisha huongezwa namba za bahati nasibu.

Ulinzi huo una gharama mbili. Ya kwanza, jibu hupungua usahihi, na kundi likiwa dogo hupungua zaidi. Ya pili husahaulika: ulinzi huliwa kama akiba. Mwanachama aliyeuza nje akiulizwa mara 20, kila mara kwa sarafu mpya, atasema “ndiyo” wapata mara 15. Asiyeuza atasema “ndiyo” wapata mara 5. Ukweli umejitokeza. Duru za mafunzo nazo ni maswali yanayorudiwa, na mkataba usiotaja zitakuwa duru ngapi ni sawa na hati ya malipo iliyotiwa sahihi kabla ya kuandikwa kiasi.

Mdanganyifu ndani ya ushirika

Hadi hapa aliyeogopwa ni yule anayechungulia. Kuna mwingine, naye ni yule anayetia sumu. Vyama vitano vyapeleka makadirio ya mpunga kwa ekari: gunia 8, 9, 7 na 10, na cha tano, kwa hila, 60. Wastani wa wote ni gunia 18.8, na mipango yote ya magunia, malori na mikopo itakwenda kombo. Peva Blanchard na wenzake walithibitisha mwaka 2017 kwamba, kwa njia ya wastani wa kawaida, mwongo mmoja anatosha kuipeleka modeli popote apendapo.

Mbaya zaidi ni sumu isiyoonekana. Mwaka 2018 Eugene Bagdasaryan na wenzake walionyesha kwamba mshiriki mmoja, akichaguliwa katika duru moja tu, aliweza kuitia modeli tabia ya siri: ilitambua picha zote vizuri kama kawaida, isipokuwa magari ya aina fulani, kwa mfano ya rangi ya kijani, iliyoyaita ndege wa angani. Mtu akiijaribu modeli hiyo kwa mifano ya kawaida hataona kasoro. Yafaa kamati ya mikopo ifikirie maana ya modeli inayosema kweli juu ya wote, isipokuwa jamaa za mtu mmoja.

Dawa ya sumu iliyo wazi ni nyepesi. Namba zile tano zikipangwa kwa ukubwa, 7, 8, 9, 10, 60, ile ya katikati ni 9, nayo haijali kama mwongo amesema 60 au 6,000. Au ile kubwa kabisa na ile ndogo kabisa zikatwe, upigwe wastani wa zilizobaki. Nao ni 9. Dong Yin na wenzake walizipima njia hizo mbili mwaka 2018 na kuonyesha mipaka ambamo zinaaminika. Lakini aliye tofauti si lazima awe mwongo. Chama cha skimu ya umwagiliaji kinachopata kweli gunia 25 kitakatwa kila duru pamoja na mdanganyifu, na modeli haitajifunza kamwe hali yake. Wanachama wake watanyimwa mkopo kwa kipimo cha mashamba ya mvua. Hilo ni dhara la kweli.

Ndipo linapotokea fundo gumu kuliko yote, ambalo wauzaji wa mifumo hupenda kuliruka. Ili kumkamata mdanganyifu, yapasa kuiona namba ya kila chama. Ili kulinda siri ya wanachama, yapasa kutoiona. Kadiri bahasha zinavyofungwa vizuri, ndivyo sumu inavyopita kwa urahisi. Hakuna hila inayoliondoa fundo hili lote. Zipo za kulilegeza.

Moja ni kukitaka kila chama kitoe uthibitisho wa kihesabu kwamba namba yake iko ndani ya mipaka, bila kuionyesha namba yenyewe. Hili lawezekana, ingawa huongeza kazi kwa kompyuta. Nyingine ni kugawa vyama katika makundi kwa kura. Vyama 30 huwa makundi sita ya vyama vitano. Ndani ya kundi namba hujumlishwa kwa siri, kisha jumla za makundi hulinganishwa waziwazi na kuchukuliwa ya katikati. Mdanganyifu mmoja ataharibu kundi moja, nalo litaonekana. Wadanganyifu watatu wakiangukia makundi matatu, hapo nusu imekwisha kuharibika na njia hii haifai tena.

Hesabu zote hizi zasimama juu ya sharti moja, kwamba washiriki ni wa kweli. Ushirika wawajua sana wanachama hewa, wale wanaopiga kura na kulipwa bila kuwapo. Mtu anayesajili simu hamsini kwa majina ya kubuni atakuwa amejipatia wingi wa kuishinda njia yoyote ya katikati. Na hila hiyo yaweza kufanywa na kompyuta ya kati yenyewe: ikibuni vyama hewa 29 na kukiacha chama kimoja cha kweli katika duru, jumla itakayotoka, ikiondolewa namba za kubuni, ni siri ya chama hicho kimoja. Kwa hiyo orodha ya washiriki na funguo zao za kutia sahihi isishikwe na mwenye kompyuta peke yake. Ibandikwe mahali kila chama kitakapoweza kuihakiki, kama inavyobandikwa orodha ya malipo.

Kabla ya kutia sahihi

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya na Uganda zina zao za mwaka 2019. Habari iliyokusanywa kwa kusudi moja haigeuzwi kwa kusudi jingine kwa utashi wa katibu. Jambo hilo lipelekwe mkutano mkuu, na lielezwe kwa lugha ya wanachama, pamoja na hili lisilopendeza: modeli ikishajifunza, chama kinachojitoa si rahisi kuyaondoa yale yaliyokwisha kujifunzwa kutoka kwenye vitabu vyake.

Mkataba nao uulizwe ni nani atakayekuwa na nakala ya modeli kazi ikiisha. Vyama vilivyotoa jasho la leja zao visije vikauziwa modeli hiyo hiyo msimu unaofuata.

Maswali ya kuzungumzwa katika kamati

1. Vyama vitatu vina wanachama 11, 30 na 6 waliochelewa kulipa. Chagueni namba za siri za jozi tatu, mtafute kila chama kitapeleka nini, na mhakikishe kuwa jumla ni 47. Kisha mchukue kwamba chama cha tatu hakikupatikana, mwonyeshe Union itahitaji namba zipi.

2. Katika eneo la Union yenu, ni chama gani ambacho mavuno yake hutofautiana sana na ya wengine kwa sababu za haki? Je, kingenufaika au kingeumia kama namba zilizo mbali na nyingine zingekatwa?

3. Ni wanachama wangapi wa chama chenu wanaoweza kutambuliwa kwa ukubwa wa shamba na kitongoji peke yake, bila jina?